Vichekesho vya papo kwa papo: unamwelewesha kijana kwa mfano gani?

#1 Mwalimu wa Zamu
Wakuu, heshima kwenu.

Nina kikundi cha vijana wa mtaani, tunakutana jioni kwenye ukumbi wa serikali ya mtaa. Nataka wajifunze kuchekesha bila maandishi: mtazamaji anatoa neno moja, wawili wanapanda jukwaani, mchezo unazaliwa hapo hapo. Kanuni ya kwanza wanayofundisha Wamarekani ni "Ndiyo, na...". Mwenzako akileta jambo, likubali kisha uliongezee. Nimewaandikia ubaoni, wameinakili kwa mwandiko mzuri kabisa, na hakuna anayeifanya.

Juzi mmoja kaingia anachechemea: "Daktari, mguu wangu unaimba usiku." Mwenzake akamjibu: "Mimi si daktari, mimi fundi bomba." Ukumbi mzima ukacheka. Halafu kimya. Wakabaki wanatazamana mpaka mmoja akaomba kwenda kunywa maji. Nikimwambia hapo umeharibu, ananijibu, "Lakini si wamecheka, mwalimu?"

Nyie mnatumia mfano gani, picha gani ya kichwani, mtu akaelewa mwilini na siyo daftarini? Nimejaribu mfano wa mpira, pasi na nini, naona unagoma.

#2 Jirani Mkorofi
Huyo wa fundi bomba mpeni maua yake. Nimeshakaa siti ya mbele.

#3 Binti Makorora
Mpira unagoma kwa sababu una timu pinzani. Ukimwambia kijana toa pasi, kichwani anatafuta beki wa kumpiga chenga, na beki wa karibu ni yule aliyesimama naye.

Mimi wangu nawaambia hivi: fundi bomba amekula mbegu. Kashiba, sawa, mbegu nazo zinalika. Ila mguu unaoimba lilikuwa shamba zima. Unaimba wimbo gani? Mguu wa pili unaitikia au umenuna? Mke analalaje humo ndani? Vyote hivyo vimeliwa kwa sentensi moja, ndiyo maana kilichofuata kikawa kiu ya maji.

#4 Kobe Mzee
Dada #3 umeeleza vizuri kwa nini pale palikufa. Hujaeleza mtu afanye nini sasa.

Keith Johnstone, Mwingereza aliyeanzia ukumbi wa tamthilia wa Royal Court, London, kisha akahamia Calgary, Kanada (amefariki 2023), ana picha moja sijaona ya kuizidi. Kwenye kitabu chake cha 1979 anasema mchezaji awe kama mtu anayetembea kinyumenyume. Haoni aendako, anaona alikotoka. Mtu anayegeuka kutazama mbele anaanza kupanga mwisho wa hadithi, na akishapanga anaacha kumsikiliza mwenzake.

#5 Mtaa wa Pili
Kinyumenyume kwa mtaa wetu utaishia mtaroni. Halafu mzee, kama haoni aendako, hadithi inafikaje mwisho? Si itakuwa porojo tu mpaka taa zizimwe?

#6 Kobe Mzee
@Mtaa wa Pili ndiyo utamu wa picha yenyewe. Ukitembea hivyo, kila ulichodondosha bado unakiona pale chini. Mgonjwa kaingia, kavua ndala mlangoni, hakuna aliyezijali. Baadaye hadithi imekwama. Mchezaji anazikumbuka zile ndala, anakwenda kuzivaa, anakuta zimevaliwa na mguu. Watazamaji watapiga makofi wakidhani mlipanga tangu nyumbani. Mwisho wa hadithi unauokota nyuma.

#7 Mchicha wa Chicago
Shikamooni wakubwa. Nipo Chicago, nimesoma madarasa ya mwanzo ya mambo haya. Picha inayotajwa kila siku huku ni ya tofali: usije jukwaani umebeba kanisa zima kichwani, leta tofali moja. Mwenzako naye ataleta lake. Wanasema ni maneno ya Del Close, yule aliyeanzisha kundi la vichekesho la Second City hapa Chicago mwaka 1959.

Picha nyingine ni ya kuruka kwenye ndege halafu unashona parachuti ukiwa unashuka. Hiyo mimi ilinitia kiwewe tu, sikujifunza kitu.

#8 Mtunza Makabrasha
Turekebishe hapo. Second City ilifunguliwa Desemba 1959 kweli, lakini waanzilishi ni Paul Sills, Bernie Sahlins na Howard Alk. Del Close alikuja baadaye, akawa mwelekezi pale. Kabla ya Second City kulikuwa na kundi la Compass, 1955, kwenye baa jirani na Chuo Kikuu cha Chicago, ndiko walikotokea wachekeshaji Mike Nichols na Elaine May. Tawi la Compass la St. Louis ndilo lililokaa jikoni mwaka 1957 likaandika kanuni za awali kabisa, ile ya kutomkanusha mwenzako ikiwa mojawapo.

Na ugomvi mkubwa wa Close na Second City unahusu uzi huu. Second City walikuwa wakibuni papo kwa papo ili kupata vipande, vikishaiva vinakaririwa na kuwekwa kwenye onyesho. Kwao ubunifu ulikuwa jembe. Close akasema hapana, wenyewe ni sanaa inayojitosheleza. Ndipo ukaja Harold, mtindo alioujenga na kundi la The Committee kule California mwaka 1967: neno moja la mtazamaji, visa vitatu visivyojuana, vinarudi tena na tena mpaka vinaanza kugusana.

#9 Jirani Mkorofi
Mchicha kakaa Chicago, historia ya Chicago anafundishwa na mtu wa Morogoro 😂

#10 Mchicha wa Chicago
Nimekubali kupigwa. Tofali langu bado lipo lakini.

#11 Mama Kamba
Mbona hamjamtaja mwanamke mwenye mali? Viola Spolin, mama mzazi wa Paul Sills. Alifunzwa na Neva Boyd pale Hull House, kituo cha huduma za jamii cha Chicago, miaka ya 1920, halafu kuanzia 1939 akawa anafanya michezo na watoto na watu wazima wa mitaa ya wahamiaji Chicago, kwenye mradi wa serikali. Fikiria darasa ambalo lugha za nyumbani ni nyingi kuliko madirisha. Utaanza kuwahutubia kuhusu matofali? Akabuni michezo. Kitabu chake kilitoka 1963 na kimejaa michezo, mahubiri machache.

Spolin angeuona uzi huu angecheka. Ukimpa mtu mfano, anakwenda jukwaani kuucheza mfano.

Mwalimu, fanya hivi. Wape vijana wawili kamba isiyokuwepo, wavutane. Usieleze kitu zaidi ya "kamba iko mikononi, haiko kichwani." Mwanzoni kila mmoja atakuwa anashinda kwake, kamba inarefuka ovyo, na wanaotazama watazomea wenyewe. Subiri. Itafika mahali mmoja anakubali kuvutwa, kisigino kinaburuza sakafuni hatua moja. Hapo kamba inaonekana, utaapa ni ya katani. Ndiyo "Ndiyo, na..." yote, na hujaandika ubaoni.

#12 Mwalimu wa Zamu
Mama Kamba ahsante, kesho naijaribu. Ila kuna kona sijaivuka: kutoka kwenye kamba kwenda kwenye maneno. Hawa wangu mwili hauna shida, wanacheza singeli mpaka vumbi. Shida inaanza mdomo ukifunguka.

#13 Kijana wa Likoni
Salamu kutoka Mombasa. Mwalimu, shida yako huenda si kukubali au kukataa, ni nani yuko juu na nani yuko chini. Johnstone huyo huyo wa mzee Kobe ana mfano wa ule ubao wa watoto, mmoja akipanda mwenzake anashuka. Kila sentensi inasukuma ubao. Fundi bomba alipanda juu kwa kumzamisha mgonjwa, halafu hakujua ashukeje.

Zoezi lake ni rahisi ajabu. Mwambie mmoja aongee bila kutikisa kichwa hata kidogo. Mwingine aongee huku akigusagusa uso. Maneno yawe yale yale, "habari za asubuhi, umeona funguo zangu?" Wa kwanza atakuwa mwenye nyumba, wa pili mpangaji mwenye deni. Kicheko kinakuja ubao ukipinduka: mpangaji ananyamaza, kichwa kinatulia, mwenye nyumba anaanza kujikuna.

#14 Binti Makorora
@Kijana wa Likoni huo ubao ndio ule ule mpira wangu niliokataa. Ukiwaambia kuna juu na chini, watagombea juu wote.

#15 Kijana wa Likoni
Sivyo dada. Wachekeshaji wakali wanagombea chini.

#16 Kobe Mzee
Niongeze kwenye hoja ya mpinzani. Mashindano yaitwayo Theatresports, aliyoyaanzisha Johnstone Calgary mwaka 1977, aliyachota kwenye mieleka. Alipenda vile watazamaji wa mieleka wanavyopiga kelele, wanazomea, wanashangilia, wakati wa tamthilia wamekaa kama wako msibani. Na mieleka ile ya maonyesho ukiitazama vizuri, yule anayenyanyuliwa juu na kubwagwa ndiye anayeruka, mwenzake anamsaidia atue salama. Kwa macho ni maadui, kwa mikono wanalindana. Kwa hiyo mwalimu, michezo usiitupe yote. Badilisha mpira weka mieleka.

Na Johnstone alivyoanza London, hadi 1968 sheria ilitaka kila tamthilia isomwe na kupitishwa na ofisi ya Lord Chamberlain, afisa wa ikulu ya Uingereza, kabla ya kuonyeshwa. Sasa mchezo usioandikwa utaupeleka ukasomwe wapi? Akawa anauonyesha kama somo la hadhara.

#17 Mtaa wa Pili
Kwa hiyo kibali cha kuchekesha kilikuwa kinaombwa wiki kabla hujachekesha. Ofisi ni ofisi, hata Ulaya.

#18 Shangazi wa Chang'ombe
Wanangu mnazunguka Chicago mnarudi Kanada, na vitu viko hapa. Miaka ya tisini tulikuwa tunakwenda kuviona vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT. Kiingilio kimoja unapata ngoma, sarakasi, taarabu, kichekesho na igizo. Maigizo yale hayakuwa na kitabu. Kisa kinasimuliwa, nafasi zinagawanywa, maneno yanakuja kwa mazoezi na mengine yanaivia jukwaani watu wakikuitikia.

Kama unataka mfano wa kukubali na kuongeza, nenda msibani penye watani. Mtani analala njiani jeneza lisipite, anadai marehemu hajamlipa mbuzi wake. Hakuna anayemuuliza mbuzi gani, kila mtu anajua hakuna mbuzi. Mjomba wa marehemu anamjibu, "Mbuzi wako alikufa kwa uchoyo wako, hata majani ulimnyima." Mtani anasema, "Basi nilipeni na majani." Wanakwenda hivyo mpaka hela inatoka na mfiwa kacheka bila kutaka. Kanuni yenu yote imo, na hakuna aliyesoma darasa.

#19 Mtunza Makabrasha
Shangazi, heshima. Hata Waitaliano wa karne ya 16, wale wa commedia dell'arte, walikuwa hivyo: muhtasari wa kisa unatundikwa nyuma ya jukwaa, mchezaji anauchungulia, anatoka anajaza maneno.

Ila utani una kitu ambacho jukwaa la mwalimu halina. Mtani wako unamjua kabla hajafungua mdomo, na mnajua mnaruhusiwa kufika wapi. Vijana wawili waliokutana Jumanne hawana mkataba huo. Nadhani "Ndiyo, na..." ni jaribio la kuwatengenezea utani watu ambao si watani.

#20 Jirani Mkorofi
Shangazi kagusa TOT na Muungano, sasa tuseme ukweli, kwenye taarabu nani zaidi: Khadija Kopa au Nasma Khamis?

#21 Mama Kamba
Jirani unataka uzi ufungwe. Khadija, na sijibu tena.

#22 Mtaa wa Pili
Kwani mipasho nayo si papo kwa papo? Maana ilikuwa inajibu kweli kweli.

#23 Shangazi wa Chang'ombe
Mipasho ilitungwa na kufanyiwa mazoezi baba. Papo kwa papo walikuwa ni mashabiki: mtu anainuka kwenda kutuza, noti juu, macho kamkazia jirani yake wa mtaani mstari mzima mpaka mwenzake anahama kiti.

#24 Gitaa la Pili
Nirudishe uzi nyumbani. Mimi ni mwanamuziki wa dansi, picha yangu ni ya bendi. Mpiga solo akianza kupanda, mimi wa rizimu siongezi madoido, natengeneza sakafu asimame. Wanaochekesha vibaya ni bendi yenye wapiga solo watupu.

Mwaka 2008 Charles Limb na Allen Braun waliwaweka wapiga piano sita wa jazi kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakiwa na kinanda kidogo kisichokuwa na chuma. Walipokuwa wanabuni, sehemu ya mbele ya ubongo inayohusika na kujichunga ilipoa, na nyingine, ya kujieleza, ikachangamka. Kwa hiyo kuna ukweli kwenye kumwambia mtu amfukuze mlinzi getini.

#25 Binti Makorora
Hao sita walikuwa mabingwa waliopiga piano miaka na miaka, kaka. Mlinzi wao akiondoka, nyumba ina vitu. Kijana wa mwalimu mlinzi akiondoka kinachotoka ni tusi. Tumeona wote.

Na hiyo ni jazi, siyo maneno. Usitoke kwenye kinanda ukaingia kwenye mguu unaoimba kwa hatua moja.

#26 Gitaa la Pili
Mguu unaoimba ni muziki dada 😂 Ila hoja nimeipata.

Kwangu lakini picha muhimu si ya darasani hata kidogo, ni ile unayoiona ukiwa jukwaani. Mchezaji ameweka sufuria ya moto juu ya meza isiyokuwepo, kapuliza vidole. Mwenzake anaingia na hoja kali za kuchekesha, anapita katikati ya meza. Ukumbi mzima: "Umepita kwenye meza!" Hoja zake hakuna aliyezisikia. Kama angeiona ile meza angeizunguka, na katika kuizunguka labda angeshika sufuria, na hapo pana kichekesho cha bure.

#27 Spana Kumi na Tatu
Habari za humu. Nimetumiwa uzi huu na mtu wa kikundini. Mimi ndiye fundi bomba.

Nimesoma mpaka hapa, mmenila nyama wote. Naomba niulize. Kwa nini mzigo wote ni wangu? Mwenzangu naye si ana kanuni hiyo hiyo? Mimi nimesema ni fundi bomba. Kama anatakiwa kukubali na kuongeza, alitakiwa anijibu, "Najua, ndiyo maana nimekuja kwako, hospitali wameshindwa. Unaimba kwa sababu umeingia hewa." Mimi ningetoa spana. Yeye akanyamaza, akaomba maji.

#28 Jirani Mkorofi
NILISEMA APEWE MAUA.

#29 Kobe Mzee
Kijana, karibu. Umesema jambo ambalo watu wanalichukulia muda kulielewa. Anayetembea kinyumenyume hachagui anachokanyaga. Hata kukanushwa kunaokoteka.

#30 Binti Makorora
Mimi siungi mkono. Mwanangu Spana una akili, hilo jibu la hewa ni zuri mno, lakini umelitunga ukiwa umekaa, siku kadhaa baadaye. Mgonjwa alikuwa ametoa kitu chake cha kwanza mbele ya watu na kimekataliwa ukumbi ukicheka. Aliyevunja ndiye mwenye kazi ya kuunga.

#31 Mchicha wa Chicago
Hapa Chicago walimu wenyewe hawakubaliani na hilo. Kuna wanaosema mwenzako hawezi kukosea, kila afanyacho ni zawadi, ukipewa jiwe litafutie kazi. Wengine, hasa wa mkondo wa kundi la vichekesho la Upright Citizens Brigade, watakuambia tafuta kitu cha kwanza cha ajabu kwenye kisa, kisha ujiulize: kama hiki ni kweli, nini kingine ni kweli? Kwa hesabu yao cha ajabu kilikuwa mguu. Fundi bomba ni cha ajabu cha pili, na viwili kwa mara moja vinauana.

Pia mtofautishe mchezaji na mhusika. Mama akisema "leta simu yako," mtoto anaweza kujibu "sileti" na mchezo ukaendelea vizuri. Mhusika kakataa, mchezaji kakubali kwamba kuna mama, kuna simu na kuna siri ndani ya simu.

#32 Mtaa wa Pili
Hii ya #31 ndiyo nimeielewa kuliko zote. Kumbe naweza kukataa kwa kukubali. Nitaitumia nyumbani.

#33 Mama Kamba
Nawaachia mifano yenu. Spana na mwenzako, mkikutana tena mshike kamba kwanza, mdomo baadaye.

#34 Mwalimu wa Zamu
Spana, kumbe unaandika vizuri hivi na kwenye kikundi unajifanya bubu. Tutaongea.

Wakuu, swali la mwisho kwa leo. Kuna mahali nimeona wanaoanza wanakatazwa kuuliza maswali jukwaani, eti ukiuliza unamtwisha mwenzako kazi ya kubuni. Hii niiweke au niiache?

#35 Mchicha wa Chicago
Iweke. "Wewe nani? Hapa wapi? Unafanya nini?" Maswali matatu na tofali hata moja hakuna.

#36 Kijana wa Likoni
Iache! Sisi tumekulia Vioja Mahakamani, kipindi kizima ni maswali. Hakimu akiuliza, "Mshtakiwa, kwa nini ulimuuzia mjane punda aliyekufa?" hapo mshtakiwa keshapewa punda, mjane, kosa na kizimba cha kusimama. Swali la namna hiyo limembebea mwenzako kazi.

#37 Spana Kumi na Tatu
Huyo wa punda namtaka mimi. Mwalimu, kesho naomba niwe mshtakiwa.